Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

(Haya ni mazungumzo ya juma kama yalivyosomwa redioni. Amri za kompyuta, ambazo msomaji wa redioni alilazimika kuzitamka herufi moja moja, hapa zimechapwa kama zinavyotakiwa kuandikwa.)

Ndugu msikilizaji, mijini siku hizi wapo watu wengi wanaopata riziki yao kwa picha. Yupo mwenye studio ya picha za pasipoti, yupo wa steshenari anayetengeneza kadi za harusi, na yupo mchapaji wa fulana na mabango. Wote hawa wanahitaji programu ya kompyuta ya kurekebishia picha. Programu za kulipia ni ghali. Zile za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono zina mashaka yake, kwani mara nyingi huja na virusi, na mwenye nazo hana pa kulalamika zikiharibika. Ndiyo maana wako waliohamia kwenye programu iitwayo GIMP, ambayo ni ya bure, na ni halali kuitumia, kuigawa, hata kuibadilisha.

Mambo huenda vizuri mpaka siku mtu anapotaka kuiongezea GIMP uwezo mpya. Anapata programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kupachika, lakini amepewa msimbo wake tu, na anaambiwa aiunde mwenyewe. Anaandika amri aliyoelekezwa. Kioo cha kompyuta kinajaa mistari ya Kiingereza, mingine mirefu kuliko upana wa kioo chenyewe. Anaitazama, anatikisa kichwa, anazima kompyuta. Kesho yake amerudi kwenye programu ya wizi.

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtu huyo. Nataka kumwambia jambo moja: mistari ile inayomtisha ni taarifa ya fundi. Kwa kawaida inataja kitu kimoja kinachokosekana, na inaeleza kazi imekwama katika hatua ipi. Atakayejifunza kuutafuta mstari wa kwanza wa kosa na kuuliza kazi imekwama wapi, nusu ya shida imekwisha.

Tuanze na historia, kwa sababu suala la nani anaweza kuunda na nani hawezi ni la tangu zamani katika programu hii. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Toleo la kwanza kutolewa kwa umma lilitoka mapema mwaka 1996. Toleo hilo lilitegemea maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe iitwayo Motif, na Motif wakati huo ilikuwa ya kulipia. Ikawa ajabu: msimbo wa GIMP ulikuwa huru kwa kila mtu, lakini asiye na Motif hakuweza kuuunda mwenyewe. Aliweza kutumia kilichokwisha kuundwa na wenzake, basi.

Waandishi hawakuridhika na hali hiyo. Peter Mattis akaandika maktaba nyingine badala ya Motif, ikapewa jina la GTK, yaani vifaa vya GIMP. Maktaba hiyo ilikua ikampita mzazi wake, kwani hata mradi wa GNOME ulioanza mwaka 1997 ulijengwa juu yake. Toleo 1.0 la GIMP lilitoka mwezi Juni 1998, toleo 2.10 likatoka Aprili 2018, na toleo 3.0 likatoka Machi 2025. Tutayarudia matoleo haya mawili ya mwisho, maana ndiyo yanayowapa watu taabu.

Sasa programu-jalizi ni kitu gani? Katika GIMP, programu-jalizi ni programu kamili inayojitegemea. GIMP inapowashwa huzipitia programu-jalizi zote zilizowekwa katika folda zake, na kila iliyo mpya huiuliza: wewe ni nani, unafanya kazi gani, na jina lako likae katika menyu ipi? Majibu huyaandika katika faili liitwalo pluginrc ili kesho isiulize tena. Mtumiaji anapochagua jina lile kwenye menyu, GIMP huiwasha programu ile, huipa picha, na kungoja irudishe kazi. Faida ya mpango huu ni kwamba programu-jalizi ikifa katikati ya kazi, kwa kawaida GIMP yenyewe hubaki hai, ingawa itakushauri uhifadhi picha zako na kuiwasha upya.

Mfano mzuri ni programu-jalizi iitwayo Resynthesizer. Aliyeiandika ni Paul Harrison, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu, uliokamilika mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Kazi yake ni kujaza pengo katika picha kwa kuangalia sehemu zinazolizunguka. Tuseme unayo picha pekee ya marehemu babu, na mhuri wa ofisi umepigwa begani pake. Unazungushia alama eneo lenye mhuri, unaichagua programu-jalizi, nayo inalijaza eneo lile kwa kitambaa cha kanzu kinachofanana na kilicho jirani. Photoshop, programu maarufu ya kulipia, ilileta uwezo unaofanana na huo katika toleo lake la CS5 mwaka 2010. Kwa hiyo mwenye studio anayetaka kuiunda programu-jalizi hii hachezi. Anatafuta chombo cha kazi.

Kabla ya kuunda chochote, jiulize kwanza kama kuna haja. Programu-jalizi nyingi mashuhuri hupatikana zikiwa tayari zimeundwa, ama katika hazina ya mfumo wako wa Linux, ama kwa waandishi wenyewe. Kwa watumiaji wa Windows hiyo ndiyo njia ya kawaida. Anayetaka kuunda mwenyewe katika Windows itambidi afunge kwanza mazingira ya kazi yaitwayo MSYS2, ambayo hata waundaji wa GIMP huyatumia. Lakini ikiwa programu-jalizi unayoitaka haipatikani ikiwa tayari, au unataka kuibadilisha kidogo, hapana budi kuunda. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Ya kwanza ni kusoma: programu iitwayo kompaila huusoma msimbo, yaani maandishi ya mwandishi, na kuugeuza kuwa lugha ya mashine. Ya pili ni kuunganisha: vipande vilivyogeuzwa huunganishwa na maktaba, yaani hazina za kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine. Ya tatu ni kupakia: GIMP inaikuta programu-jalizi, inaiuliza maswali yake, na kuiweka kwenye menyu. Kila hatua ina malalamiko yake, na ukiyazoea utayatambua kama mama anavyotambua kilio cha njaa na kilio cha homa.

Kanuni ya kwanza kabla ya yote: soma kutoka juu. Watu wengi hutazama mstari wa mwisho kwa sababu ndio ulio mbele ya macho. Huo mara nyingi husema tu kwamba kazi imeshindikana. Kosa la kwanza ndilo mzazi, na yanayofuata ni watoto wake. Heda moja ikikosekana, kompaila inaweza kutoa makosa 50, na ukiipata ile heda moja yote 50 yanatoweka. Rudi juu, tafuta mstari wa kwanza wenye neno "error". Mistari yenye neno "warning" ni maonyo. Onyo halizuii kazi, na programu-jalizi za zamani huwa nayo mengi.

Haya, twende hatua ya kwanza. Kwa mtumiaji wa Debian au Ubuntu, vifaa vya msingi hufungwa kwa amri hii:

sudo apt install build-essential pkg-config

Hapo unapata kompaila iitwayo gcc pamoja na pkg-config, ambayo kazi yake ni kujua kila maktaba imekaa wapi katika kompyuta yako. Baada ya hapo watu wengi hudhani wamemaliza, maana GIMP yenyewe wanayo na inafanya kazi. Wanaunda, na kioo kinajibu:

fatal error: libgimp/gimp.h: No such file or directory

Maana yake ni kwamba faili linaloitwa gimp.h halikuonekana. Mtu anashangaa: GIMP ninayo, mbona heda zake hazipo? Jibu ni hili. Mla wali wa hotelini huletewa sahani, haletewi daftari la vipimo vya mpishi. Wasambazaji wa Linux wamegawa kila programu mafungu mawili, fungu la mtumiaji na fungu la muundaji. Heda zimo katika fungu la pili. Katika Debian na Ubuntu, fungu la muundaji kwa matoleo ya 2 huitwa libgimp2.0-dev, na katika Fedora huitwa gimp-devel. Ukilifunga hilo, lalamiko la gimp.h kwa kawaida huisha. Shika kanuni hii, maana utaitumia maisha yako yote ya kuunda programu: ukiambiwa heda fulani haipo, tafuta fungu lenye jina la maktaba ile na mwisho wa dev au devel.

Wakati mwingine fungu umelifunga na lalamiko lingali pale pale. Basi ujue heda zipo, ila kompaila haikuambiwa zilipo. Njia rahisi ya kuepuka hilo ni kutumia chombo kilichoandaliwa na wenye GIMP wenyewe, kiitwacho gimptool. Ikiwa msimbo wako umo katika faili moja, tuseme mfano.c, unaandika:

gimptool-2.0 --install mfano.c

Chombo hiki hujua heda ziko wapi, maktaba ziko wapi, na folda ya programu-jalizi iko wapi. Huiunda na kuiweka mahali pake katika folda yako mwenyewe, bila kuhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Ukitaka kuona kitafanya nini kabla hakijafanya, ongeza herufi n yenye kistari mbele yake, yaani -n, nacho kitaandika amri zake kwenye kioo bila kuzitekeleza. Hilo ni somo zuri kwa anayejifunza.

Liko lalamiko jingine la hatua hii, linalosema "Package gimp-2.0 was not found in the pkg-config search path". Hapa pkg-config inasema haikuona kadi ya utambulisho wa maktaba za GIMP. Sababu ya kwanza ni ile ile ya kukosa fungu la muundaji. Sababu ya pili huwapata walioiunda GIMP yenyewe kwa mikono na kuiweka katika folda ya /usr/local. Hao waandike:

export PKG_CONFIG_PATH=/usr/local/lib/pkgconfig

kisha wajaribu tena. Katika mifumo mingine folda hiyo hukaa mahali tofauti kidogo, kwa hiyo tafuta lilipo faili la gimp-2.0.pc na uelekeze huko. Na usibabaishwe na jina hilo. Mtu mwenye GIMP 2.10 akiona gimp-2.0 hudhani amepewa kitu cha zamani. Sivyo. Matoleo yote ya ukoo wa 2, tangu 2.0 hadi 2.10, hutumia jina hilo hilo kwa maktaba zake.

Ukoo wa 3 ndio wenye jina jipya, gimp-3.0, na hapa tumefika penye shida kubwa ya sasa. GIMP 3.0 ilibadilisha namna programu-jalizi inavyozungumza na mwenyeji wake. Zamani picha ilitajwa kwa namba tu, lakini sasa hutajwa kama kitu kamili chenye aina yake. Mlango wa kuingilia programu-jalizi nao umebadilika, na maktaba ya madirisha imetoka GTK 2 kwenda GTK 3. Kwa hiyo msimbo ulioandikwa kwa ukoo wa 2 hautaundika kwa ukoo wa 3 hata ukifunga mafungu yote ya duniani. Utaona makosa mengi ya majina yasiyojulikana na aina zisizolingana. Hilo si kosa lako wala la kompyuta yako. Angalia kwanza una toleo gani, kwa amri ya gimp --version, halafu angalia mwandishi wa programu-jalizi anasema aliiandika kwa toleo gani. Yasipolingana, tafuta msimbo uliorekebishwa, au bakia na toleo la 2.10 kwa kazi hiyo.

Umri wa kompaila nao una neno lake. Kompaila ya GCC toleo la 14, iliyotoka mwaka 2024, iligeuza baadhi ya maonyo ya zamani kuwa makosa kamili. Mfano ni kuita kazi ambayo haikutangazwa popote katika msimbo. Programu-jalizi iliyoundika vizuri miaka 10 iliyopita, ikitoa maonyo mawili matatu, leo yaweza kukataa kabisa bila msimbo wake kubadilika hata nukta. Dawa yake mara nyingi ni kuongeza mstari wa heda iliyosahauliwa juu ya faili.

Hatua ya pili ni kuunganisha. Utajua umefika hapa ukiona maneno "undefined reference to", kisha jina la kazi fulani. Kwanza pongezi, maana kompaila imeusoma msimbo wote na kuukubali. Kilichotokea ni hiki: heda ni orodha ya mafundi na kazi wanazozijua, na maktaba ndiyo mafundi wenyewe. Kompaila iliona majina kwenye orodha ikaridhika. Kiunganishi kikaenda kuwaita mafundi, akakosekana mmoja.

Mfano unaojirudia ni wa hesabu. Programu-jalizi za picha hutumia sana kazi za hesabu kama sqrt na floor, na katika Linux kazi hizo hukaa katika maktaba yake ya peke yake. Ukiona "undefined reference to" ikifuatiwa na sqrt, ongeza -lm mwishoni mwa amri yako, hivi:

gcc -o mfano mfano.c $(pkg-config --cflags --libs gimpui-2.0) -lm

Tazama mpangilio wa amri hiyo. Faili la msimbo limetangulia, maktaba zimefuata. Mpangilio huo una maana. Kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kikikutana na maktaba kabla hakijajua nani anaihitaji, huweza kuiacha na kupita. Zamani mifumo mingi ilisamehe uzembe huo. Kuanzia Ubuntu 11.10, iliyotoka Oktoba 2011, kiunganishi kiliwekwa kuwa kikali kwa kawaida yake, na maelekezo mengi ya zamani yaliyotanguliza maktaba yakaacha kufanya kazi kwa siku moja. Hata leo yapo maelekezo ya namna hiyo yanayozunguka. Ukiyakuta, hamisha maktaba zikae mwisho na ujaribu tena.

Hatua ya tatu ndiyo inayokatisha watu tamaa kuliko zote, kwa sababu hakuna kosa linaloonekana. Umeunda salama, unafungua GIMP, unatafuta kwenye menyu, jina halipo. Hapa ziko sababu nne za kuangalia.

Ya kwanza ni folda. Katika Linux, GIMP 2.10 hutazama katika folda ya .config/GIMP/2.10/plug-ins iliyomo nyumbani kwako. GIMP 3.0 ina folda yake yenye namba 3.0, na inataka kila programu-jalizi ikae ndani ya folda ndogo yenye jina lile lile la programu-jalizi. Faili la mfano likae ndani ya folda ya mfano. Ukiliacha nje, halitaulizwa. Folda zinazotazamwa utaziona katika menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha Folders.

Ya pili ni ruhusa. Linux haiendeshi faili lisilopewa ruhusa ya kuendeshwa. Programu-jalizi iliyonakiliwa kutoka kwenye flashi inaweza kufika bila ruhusa hiyo. Amri ya chmod +x ikifuatiwa na jina la faili huirudisha.

Ya tatu ni nyumba mbili. Siku hizi GIMP nyingi hufungwa kwa njia ya Flatpak, ambapo programu huishi katika chumba chake pamoja na maktaba zake. Wewe ukaunda programu-jalizi kwa maktaba za mfumo wako, halafu unaifungua kwa GIMP iliyomo chumbani. Inaomba maktaba ambayo chumbani haipo, au ipo ya toleo jingine, inaanguka kimya kimya. Ama tumia GIMP ya mfumo wenyewe, ama tafuta programu-jalizi iliyoandaliwa kwa ajili ya Flatpak. Kujua maktaba ipi inakosekana katika mfumo wako, amri ya ldd ikifuatiwa na jina la programu-jalizi itakuorodheshea zote, na isiyoonekana itaandikwa "not found".

Ya nne ni msaidizi asiyekuwepo, na hapa turudi kwa Resynthesizer. Injini yake imeandikwa kwa lugha ya C, lakini katika ukoo wa 2 sehemu inayotokea kwenye menyu, kama ile ya kuponya eneo lililochaguliwa, iliandikwa kwa Python ya toleo la 2. Python hiyo ilifika mwisho wa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na mwaka huo huo Ubuntu 20.04 ikatoka ikiwa imeondoa msaada wa Python katika GIMP yake. Watu wakaunda injini bila kosa hata moja, wakafungua GIMP, wakakuta menyu tupu. Walirudia kuunda mara tatu, mara nne, wakati uundaji haukuwa na dosari yoyote. Tatizo lilikuwa mlango wa tatu, wao wakawa wanagonga wa kwanza.

Kwa hatua hii ya tatu liko jambo moja la kusaidia sana. Usiifungue GIMP kwa kubofya picha yake. Fungua dirisha la amri, andika gimp, na uiache iwake kutoka hapo. Malalamiko ambayo kwa kawaida hupotea hewani yataandikwa katika dirisha hilo, nawe utayasoma.

Ndugu msikilizaji, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini ukienda kuuliza, nenda na vielelezo, kama mgonjwa anayejua homa ilianza lini. Mwambie unayemuuliza mambo manne: toleo la GIMP, jina na toleo la mfumo wa kompyuta, amri uliyoandika herufi kwa herufi, na mstari wa kwanza wa kosa kama ulivyo. Anayesema tu "imekataa" humlazimisha mwenzake kupiga ramli.

Na tahadhari. Nimesema programu-jalizi ni programu kamili. Ina uwezo wote ulionao wewe katika kompyuta yako, yaani yaweza kusoma mafaili yako na kuyafuta. Msimbo uupate kwa mwandishi wake au mahali panapoaminika. Mtu akikupa amri ndefu inayoanza na sudo na huielewi, usiiandike mpaka umeielewa, kwani sudo ni kukabidhi funguo za nyumba nzima.

Labda yupo anayesema, taabu yote hii ya nini? Jibu limo katika ile habari ya Motif. Msimbo ukiwa huru lakini wewe huwezi kuuunda, uhuru huo ni wa kwenye karatasi. Utangoja daima mtu wa mbali aunde, aamue kompyuta yako ya zamani bado inastahili au haistahili, na aamue lini kazi yako isimame. Mwenye studio aliyejua kuunda hata programu-jalizi moja amepata kitu kisichoibika. Toleo jipya likija hataogopa, atasoma mstari wa kwanza na kujua aanzie wapi. Na kijana anayemtazama begani atajifunza kwake, bila ada.

Wahenga walituachia usemi kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakitazama majahazi. Sisi tunatazama vioo vya kompyuta, na vinavyoelea humo navyo vimeundwa na watu, kwa amri kama hizi nilizozitaja, na baada ya makosa kama haya haya. Aliye na programu-jalizi iliyomshinda mwezi uliopita na aifungue tena leo, apande juu kabisa ya ile mistari, na asome wa kwanza.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.